Pikipiki Iliyogawanywa Kama Mbuzi

Baba yangu aliigawa pikipiki yake kama mbuzi wa Krismasi, na watu waliokuwepo walimsifu kwa busara. Mimi sikumsifu. Nilikuwa nimesimama karibu na moto, nimeshika sinia la maini, nikamwangalia usoni nikaona jinsi anavyojifurahisha.

Kwetu mnyama akichinjwa, kila kipande kina mwenyewe. Kidari ni cha mwenye mji. Mtoto wa kwanza ana chake, wa mwisho ana chake, mama ana chake, na mabinti walioolewa tunapewa kinachobaki baada ya wanaume kushika vyao. Nyama ya aina hiyo hupokelewa kwa mikono miwili na neno asante. Ukinuna unaonekana huna adabu, na ukiomba kipande cha mwenzio ni kama umemtukana aliyegawa.

Siku hiyo, mbuzi akiwa bado ananing'inia, wanaume wa nyumbani walikuwa wanagombea pikipiki. Kaka yangu mkubwa, aliyekuja na gari kutoka Arusha, aliitaka kwa sababu aliona mtu ameweka ya aina hiyo kwenye baraza ya hoteli, na watalii wanapiga nayo picha. Mdogo wetu wa mwisho aliitaka kwa sababu yeye ndiye anayekaa kihambani, kwenye shamba la ukoo, na nyumba na migomba na kila kilichomo vitakuwa vyake. Ilikuwa pikipiki ndogo nyekundu ya gia tatu. Baba aliinunua enzi za ujana wake, alipokuwa karani wa kahawa akizunguka Uru nzima kupima mizigo ya watu. Ilikufa miaka mingi iliyopita na kuzikwa stoo chini ya magunia.

Mimi nami nikaiomba. Nilisema mbele yao wote kwamba naitaka niipeleke Rau kwenye gereji yetu, mimi na mume wangu, tuifufue, nimpandishe mama kabla nyonga hazijamkatalia kabisa.

Hapo lazima nieleze. Katika miaka yote ya pikipiki hiyo, mama hakuipanda hata mara moja. Mahali pa kukaa abiria baba alichomelea keria ya chuma, akasema ni ya mizigo ya kazi. Mama alikuwa anashuka sokoni kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani, na kupanda kwa miguu na chumvi, mafuta na sabuni. Mara nyingi baba alimkuta njiani, kwenye ule mlima wa kutoka kanisani kuja kwetu. Hakusimama. Alipiga honi ili mama asogee pembeni, akapita. Mama akifika nyumbani jasho likimtiririka, anamkuta amekaa kwenye kigoda chake mlangoni, amekunja nne, na swali lake ni lilelile: "Kwani mlima umeongezeka?" Kisha anacheka, na kama ana wageni nao wanacheka. Nimelisikia swali hilo tangu sijaota meno.

Basi niliposema nataka kumpandisha mama, baba akasema nyama haigombewi, hugawanywa. Akaagiza pikipiki itolewe stoo, akamwita mdogo wetu aje na spana.

Iliraruliwa palepale uani, juu ya majani ya migomba, karibu na ngozi ya mbuzi. Injini akapewa kaka mkubwa. Fremu na magurudumu akapewa mdogo. Tangi la mafuta baba alilichukua mwenyewe, akalipiga kofi akasema ndicho kidari. Keria ilipofunguliwa, alimwita mama kutoka jikoni.

"Mama yenu keria," alisema. "Amebeba maisha yake yote, abebe na hiyo."

Mama aliipokea kwa mikono miwili akasema asante. Mimi nikapewa taa ya mbele. Baba aliinyanyua juu watu waione, kisha akaniambia ni ya mtu aliyepotea, labda itanionyesha njia ya kurudi nyumbani. Watu walicheka sana. Walijua anachosema. Mume wangu ni mtoto wa mjini, Mwislamu, babu yake mmoja alitoka Tanga na mwingine hakuna anayejua vizuri alitoka wapi, na miaka yote ya ndoa yetu baba hajawahi kumwita kwa jina. Humwita "yule Mswahili wako." Mume wangu siku hiyo alikuwa amekaa na bakuli lake la ndizi tupu, kwa kuwa hali mbuzi ambaye hakuchinjwa na Mwislamu. Naye alicheka pamoja nao, na mimi nilimchukia kwa kucheka.

Njiani kurudi aliniambia tatizo lako wewe unataka baba yako awe mtu mwingine. Nikamwambia sitaki awe mtu mwingine, nataka pikipiki. Akasema pikipiki ni vipande tu.

Gereji yetu ni banda la mabati nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu mwenye hela angejenga vyumba vya wapangaji. Mume wangu anatengeneza injini za bodaboda. Mimi nashona siti. Siti mnazoziona Moshi zenye maandishi ya kujisifu na mistari ya rangi, nyingine ni kazi ya mikono yangu. Niliitundika ile taa ukutani juu ya cherehani, na kila nikiinua macho nakutana nayo.

Kaka mkubwa ndiye niliyeanza naye, kwa simu. Injini alikuwa ameipaka rangi ya fedha ya kopo na kuiweka sebuleni kwake kando ya televisheni. Akasema hawezi kuitoa hivihivi, ila binti yake anapata kipaimara na sherehe ni kubwa. Nilielewa. Nilikwenda Arusha nikapika nyuma ya nyumba yake, kwenye moshi, na wapishi wa kukodi. Wageni walipokuja kusalimia jikoni, mke wa kaka aliwaambia huyu anatusaidia tu, hakusema huyu ni wifi yangu. Keki ilipokatwa, ndugu waliitwa mmoja mmoja kulishwa, na mimi niliyasikia majina yote kupitia dirishani nikiwa nasugua sufuria. Jina langu halikuitwa. Jioni kaka alinipa injini ndani ya gunia la viazi akaniambia kutoa ni moyo.

Mdogo wetu alikuwa mbaya zaidi kwa sababu yeye ana akili. Magurudumu alikuwa ameyafunga kwenye toroli la kubebea majani ya ng'ombe, na fremu kuku walikuwa wanalalia. Nilipomwomba alikuwa kilabuni na wenzake, mbele yake kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, akataka kuwachekesha. Akasema atavitoa siku yule Mswahili atakapopanda mwenyewe na kumletea isale, amwombe radhi kwa kumwiba dada yake bila kufuata taratibu zote. Isale ni lile jani refu la uani ambalo kwetu hutumika kuombea msamaha. Wenzake walishika matumbo. Mume wangu anamzidi umri kwa mbali, ni mtu wa kuamkiwa na yeye.

Nilirudi nyumbani nikiwa nalia kwa hasira. Sikutaka hata kumweleza, lakini alinichokonoa hadi nikasema. Mume wangu alikwenda kwenye uzio wetu, ambao nusu yake ni masale niliyoyapanda mwenyewe mwaka tuliohamia, akachuma jani moja zuri, akalikunja fundo kama alivyoona wakwe zake wanavyofanya, akawasha bodaboda.

Alimkuta kilabuni kulekule. Alimpa jani kwa mikono miwili, mbele ya wote, akasema ndugu yangu naomba radhi, nimekuja kuchukua fremu na magurudumu. Mdogo wangu alikuwa ametania, lakini jani lilikuwa limeshaingia mkononi, na mtu wa kwetu akikataa isale hawezi tena kutembea na watu. Hata walevi walimwambia mpe. Akatoa, amevimba uso. Toroli lake likabaki limekaa chini, na majani ya ng'ombe akaanza kubeba kichwani. Mume wangu alirudi na vyuma vyetu, akaniambia nyie wenyewe ndio mmesema jani halikataliwi. Siku hiyo nilimpikia pilau.

Kazi yenyewe ilikuwa chafu na ndefu. Injini ilikuwa imekamata. Pistoni ilikwama ndani ya silinda kama jiwe, na ile rangi ya fedha ya kaka ilikuwa imeziba hadi tundu la plagi. Tuliilowesha kwa mafuta na kuiacha, tukaigonga kwa kipande cha mbao, tukailowesha tena. Asubuhi iliposogea kidogo, mume wangu aliniita kutoka jikoni nije nione, na tulisimama pale tunaangalia chuma kilichosogea unene wa kucha. Ringi za pistoni hazikupatikana Moshi wala Arusha. Alizipata Tarakea, kwa mzee anayevusha spea chakavu kutoka upande wa Kenya. Spoki tulizikwangua kutu moja moja kwa msasa. Nilizikwangua mimi, na kila moja niliipa sura ya mtu aliyecheka siku ile.

Kilichobaki ni tangi, na tangi lilikuwa chini ya kitanda cha baba. Mume wangu akasema tufunge chupa ya plastiki, itatosha kuendea sokoni na kurudi. Mimi nilikataa. Nilitaka ile nyekundu yenyewe, ile iliyokuwa inampita mama njiani.

Siku moja ya soko mama alishuka kama kawaida, kikapu kichwani. Nyonga yake ya kulia ilikuwa inamtupa upande kila hatua, na ukimwona kwa mbali ungedhani anacheza ngoma. Aliingia gereji bila kubisha, akakaa kwenye benchi, akateremsha kikapu. Akaondoa ndizi za juu, akaondoa kanga kuukuu iliyokuwa chini yake. Tangi lilikuwa humo.

"Kidari hiki," alisema.

Nilimuuliza baba akilikosa je. Akasema baba yako hainami siku hizi, vya chini ya kitanda navijua mimi tu. Alikuwa amelibeba kichwani njia nzima, chuma kile, na nyonga ile. Ndani kulijaa kutu. Mume wangu akatia kokoto na mafuta ya taa ili litikiswe, na mama akamwambia alete. Alilipakata akalitikisa, akalitikisa, kama anayesukasuka kibuyu cha maziwa, mchana kutwa, na ile kelele ya kokoto ilinitoboa masikio nikiwa nashona.

Nilikuwa namshonea siti. Keria yake, ile aliyopewa kwa dhihaka, alikuwa ameniletea tangu mwezi wa kwanza, na mimi niliamua ndiyo itakayokuwa kiti chake. Nilikata ubao, nikaweka sponji mbili, ngumu chini na laini juu, nikamwambia asimame nimpime. Miguu haikuweza kupanuka, ingebidi akae upande, kwa hiyo niliinua sponji upande wa nyonga mbovu ili isibebe uzito. Wakati namzungushia kamba kiunoni nilimwambia tutashuka mjini, tutazunguka hadi stendi, nitamnunulia soda, watu wote wa sokoni watamwona.

"Sitaki kwenda mjini," mama alisema. "Mjini nimekwenda sana."

Nikamuuliza anataka kwenda wapi.

"Nataka kumpita."

Mume wangu aliacha spana. Alisema mama, mzee ameshazeeka, mwache na Mungu wake, twende tukale chipsi kuku. Alisema kwa upole, maana anampenda mama. Mama akamjibu kwa upole uleule kwamba Mungu ana yake na yeye ana yake. Kisha akaendelea kutikisa tangi. Mume wangu aliniambia baadaye, tukiwa wawili, kwamba pikipiki ataimaliza kwa mikono yake, lakini hilo jambo ni la kwetu na yeye hataendesha. Nikamwambia sijamwomba. Mimi naendesha tangu nimeanza kazi hii. Siti huwezi kuijua mpaka uikalie barabarani.

Iliwaka siku ya mawingu. Kiki ya kwanza hakuna kitu, kiki ya pili ikakohoa, halafu moshi wa bluu ukajaa banda lote, na sauti ile, sauti nyembamba ya hasira niliyoikimbia utotoni kwenda kujificha nyuma ya zizi, ikatoka kwenye kitu nilichokishika mwenyewe. Niliipeleka Mabogini kuijaribu kwenye barabara tambarare kati ya majaruba ya mpunga, na kule ilikimbia vizuri. Kwenye mlima ilikuwa habari nyingine. Ukiwa na mtu nyuma, ilipanda kwa gia moja, polepole mno, inalia kama mbuzi anayeburutwa.

Jumapili iliyofuata niliificha nyuma ya ukuta wa parokia, nikasubiri ibada iishe. Baada ya misa hufanyika mnada wa vitu vilivyoletwa kwa sadaka, kuku, mayai, mikungu ya ndizi, na baba huwa hakosi. Huchagua mkungu mkubwa kuliko yote, hupandisha bei hadi wenzake washindwe, watu humpigia makofi, kisha mama huusogelea mkungu, huukunjia kanga ya kichwani na kuubeba hadi nyumbani. Kihamba chake kimejaa ndizi. Anachonunua ni makofi.

Safari hii aliununua, makofi akayapata, akageuka kumtafuta mama. Mama alikuwa amemwambia ana kikao cha jumuiya. Nilimwona kupitia tundu la ukuta akitazama kushoto na kulia. Kijana mmoja alitaka kumsaidia, lakini mtu aliyetoka kununua kwa mbwembwe hawezi kuonekana ameshindwa kubeba, basi akaupandisha begani mwenyewe, na koti lake la kanisani, na fimbo mkono wa pili, akaanza mlima.

Tulimpa muda. Mama alikaa upande kwenye siti yake, viatu vya kanisani mguuni, mkono mmoja umenishika kiuno. Amekuwa mwepesi sana, amebaki mifupa na kanga. Nikapiga kiki.

Tulimwona baada ya kona ya pili. Utomvu wa ndizi ulikuwa umemchafua kola. Alikuwa anapiga hatua mbili anasimama, hatua mbili anasimama, na shingo imeinama upande kwa uzito. Alisikia sauti kabla ya kutuona, na nina hakika aliijua, kwa sababu alisimama wima ghafla kama mtu aliyeitwa na marehemu. Akageuka. Mimi nikapiga honi ili asogee.

Nilikuwa nimedhani itakuwa kufumba na kufumbua. Haikuwa hivyo. Kimashine kile kilipanda kwa mwendo wa mtu mwenye haraka, basi, na yeye tulikuwa naye ubavuni muda wa kutosha kusali Salamu Maria kadhaa. Niliona mishipa ya shingo yake. Niliona anavyolitambua tangi, kisha taa, kisha keria na aliyekaa juu yake. Alinyanyua fimbo kutusimamisha. Hakuna aliyesema shikamoo.

"Usisimame," mama alisema.

Alikuwa anatazama mbele. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni, uso umetulia kabisa, kama uso wa mtu aliyepokea komunyo. Sikusimama. Nyuma yetu nilisikia mkungu ukidondoka chini, na sikugeuka kuangalia kama amedondoka nao. Wako watu wa ukoo waliokuja baadaye kunitaka nijute. Nimewaambia wasubiri.

Tulifika, nikazima injini. Mama alishuka, akaenda mlangoni, akakaa kwenye kigoda cha baba. Akakunja nne, mguu mzima juu ya mbovu, kwa kuusaidia na mkono. Tukangoja. Mdogo wangu alichungulia kutoka zizini, akamwona mama pale alipokaa, akarudi ndani.

Baba alifika jua likiwa utosini. Mkungu alikuwa anauburuta kwa kamba ya mgomba, nusu ya ndizi zimepondeka, goti moja la suruali limechanika. Alisimama uani, pale hasa alipoigawa ile pikipiki, anahema. Alitafuta pa kukaa. Kigoda ni kimoja.

"Kwani mlima umeongezeka?" mama alimuuliza.

Hakucheka. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na akangoja jibu. Baba aliangalia chini, kifua kikipanda na kushuka. Nilitegemea atukane.

"Umeongezeka," alisema.

"Haujaongezeka," mama akamwambia. "Ni uleule."

Alikaa kidogo zaidi, kisha akainuka kwa shida, akauvuta ule mkungu jikoni, akachagua ndizi zilizokuwa bado nzima, akaanza kumenya. Hakuipanda tena pikipiki hiyo, na hakuniomba. Mchana tulikula mtori, sote watatu. Baba alikula kidogo. Mimi nilikula nikashiba.